Wakili wa Kabungu na Kasi ya Kuazima

Riwaya ya taharuki ya Kiswahili haikupata kupungukiwa na watu. Inaye Bwana Msa na kiko chake, aliyeingia madukani mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, na ambaye visiwani humu bado hajapatiwa mrithi. Inaye Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo ya 1965. Inaye Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi asiyechoka kupanda ndege, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ambaye hata akilala huwa macho. Hao wote wamepewa kazi moja, nayo ni kumjua mhalifu. Akishajulikana, basi, pingu zikalia au bastola ikalia, na msomaji akafunga kitabu. Yale yanayofuata pingu, yaani mahabusu, jalada, kizimba, jaji na kitanzi, huachwa nje, kana kwamba hatia ni jambo la kugunduliwa tu, wala halihitaji kuthibitishwa mbele ya mtu anayelikanusha. Mtu huyo anayekanusha, kwa ujira na kwa kiapo, ndiye asiyekuwamo. Wakili wa utetezi hajapata kiti cha maana katika riwaya pendwa ya Kiswahili. Akionekana, huonekana ukurasa mmoja: amevaa joho, amesema uongo, ametoka.

Pengo hilo limekwisha kuonwa na wengi, na dawa inayopendekezwa ni ya dukani. Wamarekani, husemwa, wanao mawakili wao. Wanaye Scott Turow tangu 1987, wanaye John Grisham, na tangu 2005 wanaye Mickey Haller wa Michael Connelly, wakili wa Los Angeles anayefanya kazi yake katika kiti cha nyuma cha gari, anayewatetea watu ambao yeye mwenyewe hawaamini, na ambaye msomaji humpenda bila kujua kama inafaa kumpenda. Basi, husemwa, apatikane Haller wa Kiswahili: suti ya kijivu, gari jeusi, ofisi katika ghorofa za Dar es Salaam, simu mbili, na hadithi iende mbio hata msomaji asipate nafasi ya kunywa maji.

Upande wa pili wanasimama waadilifu. Hao hawataki wakili wa namna hiyo kwa sura yoyote. Fasihi, wanasema, ni mlezi. Mwandishi anayemfanya shujaa mtu anayelipwa kumwokoa muuaji amewauza watoto wa watu. Hoja hii hupigiwa makofi makongamanoni, na aghalabu mwenye kuitoa hajapata kukaa katika ukumbi wa mahakama hata asubuhi moja.

Makundi haya mawili yanagombana, lakini yamekosea mahali pamoja. Yote mawili yanadhani kuwa ukijivu wa wakili ni tabia yake binafsi, kama ulevi au tamaa ya fedha. La hasha. Ukijivu ule umo ndani ya sheria yenyewe, na anayetaka kuuona asiende Dar es Salaam. Aende Kabungu.

Kabungu ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, katika nchi ya miombo, asali, tumbaku na mahindi. Mji wa jirani ni Mpanda, ambao reli ya kutoka Kaliua iliufikia kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, na reli ikabaki baada ya madini kwisha. Hadi mwaka 2012, Katavi ilipofanywa mkoa, huku kote kulihesabiwa Rukwa. Wabende na Watongwe walikuwako. Wakaja Wasukuma na ng'ombe wao. Wakaja Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, wakafunguliwa makazi Katumba na Mishamo, na wengi wao baadaye wakawa raia. Kwa hiyo kesi moja ya Kabungu yaweza kuwa na marehemu wa lugha moja, mshitakiwa wa lugha ya pili, shahidi wa lugha ya tatu, na Kiswahili kikiwa daraja lao wote. Mwandishi anayelalamika kwamba bara hakuna visa, basi hajafika.

Kwanza, hilo la kasi. Mtu anayetuhumiwa kuua hana dhamana. Hufikishwa mbele ya hakimu wa wilaya, ambaye hana mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji, na ambaye kwa hiyo hamwulizi kama ametenda au hakutenda. Huambiwa kuwa upelelezi haujakamilika, na hurudishwa rumande. Baada ya majuma mawili huletwa tena, huambiwa neno lilelile, hurudishwa tena. Miaka yaweza kupita kwa mwendo huo. Halafu jalada hukamilika, huhamia Mahakama Kuu, na hapo husubiriwa kikao; na kwa Katavi, kwa miaka mingi, kikao kimemaanisha jaji atoke Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200, apite katikati ya Hifadhi ya Katavi na mbung'o wake, aketi Mpanda kwa muda uliopangwa, na orodha ya kesi ikiwa mkononi.

Sasa mambo hukimbia. Mshitakiwa asiye na fedha hupangiwa wakili na mahakama, kwa ujira mdogo unaolipwa na dola. Wakili hupewa jalada siku chache kabla, au usiku wa kuamkia kesi. Humwona mteja wake chumba cha mahabusu cha mahakama, asubuhi ileile, askari akiwa mlangoni. Wanayo dakika kumi, au ishirini ikiwa jaji amechelewa kifungua kinywa. Baada ya miaka ya kungoja, uhai wa mtu umefungiwa ndani ya dakika hizo. Anayetaka riwaya ya mbio, mbio ndizo hizo, na hakuna gari jeusi ndani yake. Tena ni mbio za dhuluma: haraka imetokea mahali pale pale ambapo palistahili utulivu, na ukawa umepotea mahali pale pale palipohitaji haraka. Mwandishi atakayeigiza kasi ya Los Angeles ataupoteza ukweli huo katika sura ya kwanza.

Na mkazi wa Kabungu hakulelewa katika mazoea ya wakili. Mahakama anayoijua ni ya mwanzo, ya mbuzi aliyekula mahindi, ya talaka, ya matusi. Na kwa miongo kadhaa sheria ilimkataza wakili kusimama katika mahakama hiyo. Mlango ulifunguliwa mwaka 2021 tu, tena pale hakimu anapokuwa hakimu mkazi. Ndipo mtu akutane na wakili kwa mara ya kwanza katika maisha yake siku anayoshitakiwa kwa kosa la kunyongwa. Atamwamini vipi? Mtu aliyevaa suti, anayeamkiana na jaji, anayetaniana na wakili wa serikali kwenye veranda, anamwambia kuwa yuko upande wake. Mteja huyu atamwambia yale anayoyadhani wakubwa wanataka kuyasikia. Katika riwaya ya Kimarekani mteja humdanganya wakili kwa ujanja. Kabungu humdanganya kwa adabu.

Waadilifu watauliza: na kwa nini mtu huyo atetewe? Msomaji wa Unguja na Pemba asihitaji kuelezwa mengi. Baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, washitakiwa wapatao 80 walifunguliwa kesi ya uhaini mwezi Mei 1973, wengine hawakuwapo hata kizimbani kwa kuwa walikuwa wameshikwa bara. Kesi ilisikilizwa na Mahakama ya Wananchi, na katika Mahakama za Wananchi wakili hakuruhusiwa. Hukumu ilitoka 1974, na vifo vikatajwa. Wako watu wazima leo katika mitaa ya Mji Mkongwe na Ng'ambo wanaokumbuka ukumbi usiokuwa na mtu wa kusimama na kusema, ‘Mheshimiwa, napinga.’ Adam Shafi aliandika Haini, iliyotoka 2003, juu ya mahabusu wa siku zile. Visiwa vilivyopata kuonja mahakama isiyo na wakili havina haki ya kumcheka wakili.

Bara nako si mbali. Januari 2009, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipokuwa yameitia nchi aibu na hofu, Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliwaambia wananchi ziarani kwamba wauaji hao nao wauawe. Bungeni, mwishoni mwa mwezi huo, aliyaeleza maneno yake huku akitokwa na machozi. Machozi yale yalikuwa ya kweli, na waliolia pamoja naye walikuwa wengi. Lakini Pinda ni mtoto wa Mpanda. Tena ni mwanasheria, aliyewahi kuwa wakili wa serikali. Ikiwa mtu wa nasaba hiyo na elimu hiyo aliona kuwa jambo hili limevuka mipaka ya mahakama, wa Kabungu atalaumiwa kwa lipi? Septemba ya mwaka uleule, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Kuelekea hukumu ile, walikuwapo mawakili waliowatetea, huku taifa zima likingoja kitanzi. Hakuna riwaya iliyomfuata hata mmoja wao nyumbani jioni, kumwona anavyopokewa na mkewe, na jirani, na mwalimu wa watoto wake.

Na kuhusu lugha, hapa ndipo riwaya ya Kiswahili ina mali ambayo Connelly hawezi kuinunua. Kwa miaka yote, shahidi alisema Kiswahili, jaji akaandika Kiingereza. Mshitakiwa aliisikia kesi yake, ila kumbukumbu ya kesi hakuweza kuisoma. Na rufani ilisikilizwa juu ya kumbukumbu, wala si juu ya yale aliyoyasema. Sheria iligeuzwa mwanzoni mwa 2021, Kiswahili kikatangazwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo, maneno mangapi yaligeuka njiani? Chukua mawili tu: ‘Ni kweli.’ Mshitakiwa aliyesomewa shitaka refu hujibu hivyo kwa heshima, kama anavyomjibu mzee wa kijiji. Huenda alikiri kuwa alikuwako. Huenda alikiri kuwa mtu amekufa. Huenda alikiri tu kuwa amesikia. Mahakama za rufani zimekwisha kuonya mara nyingi kwamba maneno hayo mawili peke yake hayatoshi kuwa kukiri kosa. Onyo linalorudiwa mara nyingi ni dalili kwamba kosa nalo limerudiwa mara nyingi. Mwandishi wa taharuki anayehangaika kutafuta bomu la kuweka chini ya meza, bomu lake hilo, lina maneno mawili.

Sasa kitovu cha jambo. Katika mikoa ya magharibi vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa kutuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko la kuni. Tuseme kesi iwe hiyo. Bibi mmoja amekatwa mapanga usiku, ndani ya nyumba yake, na mjukuu wa kike wa miaka 12 alikuwamo. Kijana wa jirani yuko kizimbani. Wakili aliyepangiwa amefungua jalada usiku, na ameona njia mbili.

Njia ya kwanza ni kibatari. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko namna zote, usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondoka. Ikayaweka na maswali ya kuulizwa: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, ilikuwa usiku au mchana, mwanga ulikuwaje, alimjua kabla? Ni sheria njema. Imewaokoa watu waliokamatwa kwa sababu tu walikuwa wagomvi. Lakini itazame inavyofanya kazi mbele ya mtoto.

‘Mwanangu, kibatari kilikuwa wapi?’

‘Juu ya kinu.’

‘Mlango ulipovunjwa, wewe ulifanya nini?’

‘Nilijifunika.’

‘Ulijifunika shuka?’

‘Ndiyo.’

‘Basi, mwanangu, ulimwona kwa kupitia shuka?’

Hakuna uongo hata mmoja katika maswali hayo. Hakuna sauti iliyopandishwa. Na neno ‘mwanangu’, ambalo kila mtu mzima anadaiwa na kila mtoto, limegeuzwa kuwa wembe. Kutoka hapo mtoto atarudi kijijini akiwa amethibitishiwa, mbele ya watu wote, kwamba hakuona alichokiona. Huenda kweli hakuona. Huenda aliona. Wakili hajui, wala hakulipwa ajue.

Njia ya pili ni mbaya zaidi. Mwaka 1941, katika shauri la Fabiano Kinene lililotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba mtu anayeamini kwa dhati kuwa anarogwa aweza kuhesabiwa amekasirishwa ghafla, na kosa lake likashushwa kutoka kuua kwa kukusudia hadi kuua bila kukusudia. Sharti lake ni kwamba imani peke yake haitoshi. Lazima marehemu awe amefanya kitendo, mbele ya macho ya mshitakiwa, pale pale. Na tofauti ya makosa hayo mawili imekuwa tofauti ya kufa na kuishi, kwa sababu kwa miongo yote hiyo jaji aliyemkuta mtu na hatia ya kuua kwa kukusudia hakuachiwa hiari ya adhabu nyingine. Kwamba nchi haijamnyonga mtu tangu 1994, na kwamba Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilisema Novemba 2019 kuwa ulazima huo unavunja haki ya kuishi, hayo hayamfariji aliyeko ndani ya chumba cha waliohukumiwa.

Basi wakili yuko mahabusu, na dakika kumi zake.

‘Kijana, huyo bibi alifanya nini usiku ule?’

‘Alikuwa mchawi, mheshimiwa.’

‘Hilo umesema. Nimekuuliza alifanya nini.’

Kimya. Kijana anamtazama usoni, kama mwanafunzi anayetafuta jibu katika macho ya mwalimu.

‘Alikuwa ameshika kitu,’ anasema.

‘Kitu gani?’

Swali halikukatazwa. Wakili lazima aulize, asipouliza amemsaliti mteja wake. Lakini kila akiuliza, kijana anajifunza, na kile kitu mkononi mwa bibi kinazidi kupata umbo: kwanza kitu, kisha chungu, kisha hirizi, kisha jina la mtoto mgonjwa wa kijana yule likitajwa. Hakuna aliyemfundisha kusema uongo. Swali limemfundisha. Mwandishi anayetaka wakili wa kijivu, ukijivu ndio huo, na wala hahitaji kumpa wakili huyo mlevi wa baba wala deni la kamari ili atie shaka.

Isitoshe, njia hizo mbili hazipitiki pamoja. Ya kibatari yasema hakuwa yeye. Ya uchawi yasema alikuwa yeye, ila. Ya kwanza ikifaulu, kijana atalala kwao usiku huo, ikishindwa, kitanzi. Ya pili ikifaulu, gereza. Wakili lazima achague kabla jaji hajaketi, na mteja hajasema ukweli, na mauaji mengi ya vikongwe yalipangwa, yakalipiwa, mganga akaulizwa kwanza, kwa hiyo hiyo ‘ghafla’ ya sheria ni nadra kuwamo. Waadilifu watamtaka achague ukweli. Upi? Huo uliomo ndani ya jalada, ulioandikwa na askari usiku wa kwanza, wakati kijana hajala tangu jana yake?

Mzigo wote wa njia ya pili unamwangukia marehemu. Bibi aliyeuawa mara moja kwa panga ataitwa mchawi kwa mara nyingine, safari hii kwa sauti ya upole, na mtu aliyesoma Mlimani, na kuingizwa katika kumbukumbu za Mahakama Kuu. Sheria ya Uchawi iliyoachwa na Waingereza tangu 1928 ilimruhusu hata mkuu wa wilaya kumhamisha mtu anayeshukiwa. Dola nayo ilikwisha kumtazama bibi huyu kwa jicho lilelile la jirani zake. Wakili wa serikali atasimama, lakini atasimama kupinga kwamba hapakuwa na ghafla, au kwamba panga lilinolewa jana. Hatasimama kusema kwamba bibi hakuwa mchawi. Haulizwi hilo. Mahakama haiulizi kama marehemu aliroga. Yauliza tu kama mshitakiwa aliamini.

Katika benchi la nyuma, karibu na dirisha, ameketi binti wa marehemu, mama yake yule mtoto wa shuka. Ameshuka kwenye pikipiki kutoka Kabungu alfajiri. Hamo katika orodha ya mashahidi, kwa kuwa usiku ule hakuwapo. Anajua kwa nini macho ya mama yake yalikuwa mekundu, anajua jiko lilikuwa upande gani wa nyumba na dirisha halikuwapo, na hakuna atakayemwita kulisema. Akinyanyua mkono, askari atamwashiria aushushe. Kurasa zake zingefaa ziwekwe hapo, mbili au tatu, kabla karani hajaita shauri linalofuata.